Kilomita Mia Mbili Thelathini na Sita

Kwa miaka miwili na miezi minne Torleif Nesvold alikuwa akimpeleka mkewe hospitali kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwenda ni kilomita mia moja na kumi na nane, kurudi vilevile, na katikati kuna mlima Gråfjell, ambao majira ya baridi hufungwa na kufunguliwa upepo unavyotaka. Figo zote mbili za Gunnvor zilikuwa zimekufa. Mashine ya mjini ilimsafisha damu kwa saa nne, kisha Torleif akamrudisha nyumbani Skarvbukt akiwa ameegemea kiti cha mbele, uso rangi ya majivu. Kesho yake wanapumzika. Keshokutwa wanaanza tena.

Teksi ya wagonjwa ilikuwapo, na mwezi wa kwanza waliitumia. Lakini teksi ile ilikuwa ikizunguka kumpitia mzee mmoja mwenye mguu mbovu, na wakati wa kurudi ikamngoja mama aliyekwenda kuonwa macho, na Gunnvor anayetetemeka baada ya mashine hana nguvu za kungoja macho ya mtu. Siku moja walifika nyumbani zikiwa zimepotea saa tatu nzima barabarani. Torleif akasema kuanzia Jumatatu atampeleka mwenyewe. Alilisema mara moja tu, na tangu hapo halikusemwa tena.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia chini ya sitaha, katika chumba cha injini cha kivuko cha ghuba ile, akiwa fundi. Alikuwa mtu wa kusikiliza vyuma. Mkewe alizoea kusema kwamba Torleif husikia valvu inayovuja upande wa pili wa ghuba, ila akiambiwa chakula tayari hasikii. Mwaka aliostaafu kivuko chake kiliondolewa, kikaletwa kipya cha umeme. Watu wote walikwenda gatini kukitazama. Torleif naye alikwenda, akakiona kinaondoka kimyakimya kama mgeni asiyeaga, akarudi nyumbani akapasua kuni.

Basi Januari gari lao la dizeli, lenye miaka kumi na saba, likapelekwa kwenye ukaguzi. Fundi alilipandisha juu, akamwita Torleif chini yake, akamwonyesha chuma kilicholiwa na chumvi ya barabarani. Torleif alitia kidole gumba kwenye tundu, kikapita chote. Hawakubishana. Fundi akampa mpaka mwisho wa Februari, na kumwambia kwa upole kwamba hata hizo wiki chache alizompa, amempa kwa ajili ya mama Gunnvor.

Hapo ndipo maneno ya gari la umeme yalipoanza. Synnøve, binti yao aliyekuwa akifundisha shule huko kusini, alipiga simu jioni ileile. Akasema kwake yeye hilo si swali tena, mtaani kwao hata padri anaendesha la umeme, na baba anunue ajisahaulishe mambo ya dizeli. Torleif alimjibu kwamba padri wa huko kusini havuki Gråfjell.

Jirani yao Odd-Egil alikuwa na maoni yake pia. Huyu ndiye aliyekuwa dereva wa lori la kusukuma theluji mlimani, na siku za dhoruba ndiye aliyeongoza msafara wa magari kutoka kizuizi cha upande huu hadi cha upande ule. Alikuja kunywa kahawa, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na jiko.

"Nunua tu," alisema. "Likikuishia pale juu, nitakayekuvuta ni mimi. Na nitakuvuta huku nacheka, ujue hivyo kabisa."

"Wangapi umeshawavuta mwaka huu?" Gunnvor alimuuliza. Alikuwa akimwaga maji ya viazi kwa mara ya pili. Kwa ugonjwa wake viazi lazima virowekwe usiku kucha ndipo vipikwe, na hata hapo anakula viwili.

Odd-Egil alifikiri, maana hakuwa mwongo. "Wa umeme, mmoja. Alikuwa mtalii. Wa dizeli watano, mafuta yaliwaganda."

Torleif aliyaweka maneno hayo kichwani.

Wiki ile, Gunnvor alipokuwa kwenye mashine, Torleif alikwenda duka la magari mjini. Alipokelewa na binti mmoja jina lake Maylinn, mfupi, mwenye koti la kazi lililochanika mfukoni. Swali lake la kwanza halikuwa la rangi wala la bei. Alimuuliza anaendesha kilomita ngapi kwa siku.

"Mia mbili thelathini na sita."

Maylinn akatabasamu kidogo. Akamwambia kila anayeingia pale hujiona anaendesha mbali, na wakikaa kuhesabu pamoja inakuwa arobaini, siku ya sikukuu ya shangazi inakuwa tisini. Je, hizo mia mbili ni mara ngapi kwa mwaka?

"Mara tatu kwa wiki," alisema Torleif. "Juu ya Gråfjell. Na mgonjwa."

Tabasamu likaondoka usoni mwa yule binti, akamkaribisha kiti. Alimweleza bila kumpamba. Gari alilokuwa nalo, karatasi zinasema huenda kilomita mia nne na thelathini kwa chaji moja. Hizo ni za kiangazi, barabara tambarare, dereva peke yake. Baridi ikikaza aondoe theluthi. Akiongeza upepo wa mbele, mlima, theluji laini barabarani na hita wazi muda wote, aondoe karibu nusu. Zinabaki mia mbili na kitu. Kwa hiyo bila kuchaji mjini, siku nyingine atafika na siku nyingine hatafika, na yeye Maylinn hawezi kumwambia ni siku zipi.

"Usiniamini mimi," alimwambia. "Lichukue wiki nzima. Liendeshe safari zako zilezile, kisha uje uniambie wewe."

Torleif alipenda jambo hilo. Katika maisha yake alikuwa ameuziwa pampu mbili na jiko moja kwa maneno matamu, na hakuna kilichodumu.

Alinunua daftari dogo lenye jalada gumu. Ndani akachora mistari: tarehe, baridi, upepo, asilimia za betri wakati wa kutoka, kileleni, hospitali, kileleni tena, nyumbani. Gunnvor alimtazama akichora mistari kwa rula mezani, akasema hajamwona mzee wake na uchangamfu ule tangu kivuko kipasuke bomba. Ilikuwa kweli. Kwa wiki nyingi Torleif alikuwa akila bila kujua anakula nini. Alikuwa amefika mahali ambapo asubuhi anaamka amechoka na jioni analala akiwa na uchovu uleule, kama mtu anayelala na viatu. Hakumwambia yeyote. Angemwambia nani? Aliyekuwa akitobolewa mkono kwa sindano nene mara tatu kwa wiki si yeye.

Jumatatu ilikuwa nyoofu. Baridi digrii sita chini ya sifuri, hakuna upepo. Walitoka na mia kwa mia, wakafika hospitali na hamsini na tano. Nje ya hospitali palikuwa na nguzo mbili za kuchajia, moja iko wazi, akachomeka. Saa nne za mashine zilitosha kulijaza gari. Torleif akaandika yote kwa mwandiko wake wa chumba cha injini, namba zimesimama wima.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa na mstari wake daftarini. Wakati wa kurudi gari lilikuwa kimya. Katika dizeli lile kuukuu kulikuwa na mngurumo, na mtikisiko wa dirisha la nyuma, na feni inayolia, na kwa miaka miwili Torleif aliamini kwamba mkewe hulala njia nzima. Sasa alimsikia. Kila gari lilipopita kwenye kiraka cha lami, Gunnvor alitoa sauti ndogo, kama ya mtu anayeinua ndoo. Hakuwa amelala. Macho yamefumbwa, mikono imefumbatwa mapajani, na sauti ile ndogo ikija na kuja. Torleif akapunguza mwendo. Haikusaidia kitu.

Jumatano baridi ilizidi, digrii kumi na saba chini ya sifuri. Waliwasili na asilimia arobaini na tisa tu. Nguzo moja ilikuwa imezibwa na gari ambalo halikuchomekwa waya wowote, na nyingine ina gari la mfanyakazi wa zamu. Torleif ilimbidi amwache Gunnvor kwenye mashine, aende kituo cha mafuta kwenye mashine ya kuchaji haraka, akakaa garini kula mkate wake na jibini ya kahawia peke yake. Daftarini akapiga hesabu: kwa baridi kama ile, kwenda na kurudi bila kuchaji kungetaka asilimia mia moja na mbili. Alizipigia mstari zile mbili za ziada. Na alipokuwa akizipigia mstari alihisi jambo lililomshangaza, alihisi nafuu. Hesabu imekataa. Atamwambia Synnøve, atamwambia Maylinn, atatafuta dizeli nyingine kuukuu, na mambo yataendelea kama yalivyokuwa.

Ijumaa, utabiri ulisema upepo utaanza jioni. Ulianza saa nne asubuhi.

Siku hiyo Gunnvor shinikizo la damu lilimshuka akiwa kwenye mashine, akamshika Torleif mkono na kumwomba asiondoke. Hakuondoka. Nguzo za nje zilikuwa zimejaa, na kwa saa zote nne gari lilikaa theluji ikilifunika bila kupata chaji hata ya taa. Walipotoka saa saba walipitia kituo cha mafuta wakakuta foleni. Torleif alichaji dakika kumi na tano, akaangalia saa, akaangalia anga, akachomoa. Asilimia sitini na nane. Kwa hesabu zake walihitaji hamsini na moja.

Kilomita arobaini kutoka mjini, chini ya Gråfjell, kizuizi kilikuwa kimeshuka na taa nyekundu inawaka. Magari saba yalikuwa mbele yao. Mtu wa barabara mwenye fulana ya njano alikuja akainamia dirisha, akasema msafara umekwenda upande wa pili, na huko juu lori limekwama nyuma ya lori. Saa moja. Labda mbili. Haahidi.

Kioo cha namba mbele ya usukani kiliandika asilimia hamsini na moja.

Torleif akazima hita. Aliacha joto la viti tu, kwa sababu kijitabu cha gari kilisema viti havili umeme mwingi. Alivua koti lake, akamfunika Gunnvor juu ya koti lake mwenyewe, akamfungulia chupa ya kahawa ili ashike kifuniko chenye joto, maana kunywa alikuwa amekwisha kunywa kipimo chake cha siku. Kisha akafungua daftari mapajani, akaanza. Kilomita sabini na nane zimebaki. Kupanda ni kumi na tisa. Upepo wa mbele. Hita, kwa saa, haijui. Hiyo hakuwa ameipima. Alijilaumu kwa hiyo. Wiki nzima alipima mwendo, hakupima kusimama.

Dakika ishirini zikapita. Vioo vikaanza kuota barafu kwa ndani. Anayetoka kwenye mashine ile baridi humtoka ndani ya mifupa, na Gunnvor alianza kutetemeka kidevu.

"Torleif. Washa."

Akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa namba: wakiwasha, na ikiwa ni saa mbili, na upepo ukiwa hivi, wanaweza kukwama kileleni, na kukwama kileleni ni baridi zaidi kuliko hii.

"Washa."

"Ngoja nimalize hesabu."

Gunnvor alitoa mkono chini ya makoti, ule mkono wa kushoto uliovimba mishipa kwa sindano, akawasha mwenyewe. Hewa ya moto ikavuma.

"Umeandika nini humo?" aliuliza.

"Baridi. Upepo. Asilimia."

"Na mimi niko mstari wa ngapi?"

Torleif alitazama daftari kana kwamba huenda kweli angemkuta.

"Hilo gari linatosha au halitoshi, mimi sijui," alisema Gunnvor. Hakuwa na hasira, hasira ingetaka nguvu. "Mimi ndiye nisiyetosha. Wakati wa kurudi tukifika kwenye ile hoteli iliyofungwa, mimi nimekwisha. Kilomita zinazobaki zote nakaa tu kwenye kiti mpaka nione taa ya nyumbani. Miaka miwili sasa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema wewe kwanza. Mbele ya Unni."

Alikumbuka. Unni alikuwa muuguzi mkuu wa chumba cha mashine, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Mwaka uliopita aliwaita ofisini akawaambia iko njia nyingine: daktari anaweka mrija tumboni, mgonjwa anajaza maji maalumu mara nne kwa siku na kuyatoa, kazi yote inafanyika nyumbani, hospitali wanakuja mara moja kwa mwezi. Ila anahitajika mtu wa kusaidia, mtu makini, kwa maana uchafu kidogo ukiingia kwenye mrija ni hatari. Kabla Gunnvor hajafungua mdomo, Torleif alikuwa amekwisha jibu. Tunaendesha, alisema. Hakuna shida, sisi tunaendesha.

"Nilidhani ndivyo unavyotaka," alisema sasa.

"Na mimi nilidhani ndivyo unavyotaka wewe. Ulikuwa unatoka mlangoni asubuhi kama mtu anayekwenda kazini. Nikasema, nimwache mzee na kazi yake."

Upepo ulilisukuma gari kwa ubavu. Mbele yao mtu alishuka, akapiga theluji kwenye taa zake za nyuma, akarudi ndani haraka.

Torleif alifungua viganja vyake juu ya daftari. Miaka kumi na mmoja tangu astaafu, na bado katika mistari ya ngozi kulikuwa na weusi wa oili ambao hakuna sabuni iliyoutoa.

"Naiogopa hii mikono," alisema. "Kukuendesha najua. Nikikosea barabara narudi nyuma. Lakini niingize uchafu tumboni kwako, halafu nifanye nini? Niketi nikuangalie?"

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu mazishi ya mama yake. Gunnvor alikitazama kiganja kilichokuwa karibu naye.

"Kunawa unajua?"

"Najua."

"Basi."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Torleif hakujua kama amelala au la, na hakuuliza. Aliandika saa, akaandika asilimia, na baada ya nusu saa akaandika tena, kwa sababu hakujua kukaa bure. Namba zilimshangaza. Kusimama na hita wazi hakukuwa kunakula vile alivyohofia. Kwa saa nzima zilitoka asilimia nne na nusu. Kinacholimaliza gari ni upepo na mlima. Alikuwa amemnyima joto kwa kitu kidogo kiasi kile.

Baada ya saa mbili na nusu taa za rangi ya chungwa zilitokea katika weupe. Lori la theluji lilizunguka, na Odd-Egil akashuka akipita gari kwa gari kutazama ni akina nani anaowaongoza. Alipofika kwao alifuta kioo kwa kiganja.

"Una ngapi?"

"Arobaini."

"Zinatosha kufika?"

"Kwa hesabu yangu zinatosha. Zinabaki chache."

Odd-Egil alimtazama Gunnvor chini ya makoti, na maneno ya kejeli aliyokuwa ameyaandaa wiki nzima yakamwishia. Aliwaambia watoke kwenye foleni, waje nyuma yake kabisa, mwili wa lori uwakinge upepo. Wakavuka hivyo, kwa mwendo wa baiskeli, taa nyekundu za lori zikiwa ndiyo dunia yote. Mteremko wa upande wa pili uliwarudishia umeme kidogo. Walipoingia uani Skarvbukt kioo kiliandika saba.

Torleif alimshika mkewe kiuno mpaka ndani, akamvua viatu, akamlaza kochini karibu na jiko. Kisha akatoka tena akachomeka gari ukutani. Lilikuwa limetosha. Hilo hakuna awezaye kulikana: dhoruba, mlima, saa mbili na nusu za kungoja, chaji ya haraka haraka, na likawafikisha. Alisimama kwenye theluji na daftari mkononi, na jibu lote limo ndani yake, akaona kwamba halikumpa chochote.

Jumatatu waliondoka mapema. Gunnvor alipokwisha kuunganishwa na mashine Torleif alimtafuta Unni, akamkuta anakunja shuka, akamsaidia kukunja. Akamuuliza kama ile habari ya mwaka jana bado ipo. Unni hakumuuliza kwa nini sasa. Alisema ipo, ila si ahadi. Daktari lazima aone kwanza kama kovu la upasuaji wa zamani wa Gunnvor litaruhusu mrija, na foleni ni wiki sita. Torleif akasema wiki sita wanaziweza.

Kisha akaenda kwa Maylinn kurudisha funguo. Maylinn alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama, akauliza kama anaweza kupiga picha ule wa Ijumaa, kwa kuwa wateja wengi humuuliza habari za kungoja kwenye kizuizi na yeye hana la kuwajibu. Halafu akamuuliza amekata shauri gani.

Torleif akamwambia ukweli: huenda baada ya Pasaka akawa anaendesha mara moja kwa mwezi tu, na huenda akaendelea mara tatu kwa wiki mpaka mmoja wao afe. Hajui.

Maylinn alifikiri kidogo. Alisema kwa mara moja kwa mwezi, gari lenye betri ndogo linamtosha na bei yake ni rahisi. Kwa mara tatu, betri hii ndiyo ya chini kabisa. "Ungekuwa baba yangu," alisema, "ningekuambia nunua la kukufikisha siku mbaya. Siku nzuri hata miguu inafika." Torleif akalichukua lilelile alilolijaribu, kwa kuwa tayari walikuwa wanajuana.

Kovu liliruhusu. Mrija uliwekwa wiki ya pili ya Aprili, na kwa siku nane Torleif na Gunnvor walikaa kwenye chumba cha wageni cha hospitali wakifundishwa. Torleif alikuwa mwanafunzi mgumu. Ananawa dakika tatu, anakausha, anagusa meza, Unni anasema rudi. Ananawa tena. Siku ya tatu viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Gunnvor aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mazoezi na mfuko wa maji umening'inia juu yake alisema afadhali aolewe upya kuliko kungoja mzee huyu atakate. Siku ya saba hakukosea hata mara moja.

Si kwamba uchovu uliisha. Mara nne kwa siku, kila siku, hakuna Jumapili, hakuna keshokutwa ya kupumzika. Masanduku ya maji yalijaa chumba cha Synnøve hadi dirishani. Julai maji yaliyotoka tumboni yalikuwa na ukungu, na Torleif, aliyekuwa ameambiwa dalili hiyo mara ishirini, aliyatazama ndani ya mfuko, kisha akachukua funguo. Wakavuka Gråfjell barabara ikiwa kavu na jua linawaka. Njiani hakutazama asilimia hata moja. Gunnvor alilazwa siku tisa. Torleif alikaa kando ya kitanda na mikono yake ameiweka chini ya mapaja, asiione, mpaka Unni alipomwambia kwamba mambo haya huwapata hata wauguzi, na kwamba aliyewahi saa ile ya kwanza ndiye aliyemwokoa. Hakumwamini sana. Lakini alipoulizwa kama wanataka kurudi kwenye mashine, alisubiri. Alimtazama mkewe ajibu kwanza.

"Nyumbani," alisema Gunnvor.

Septemba Gunnvor alianza kunenepa mashavu. Siku moja ya Alhamisi, wakiwa wamemaliza mfuko wa mchana, alisema anataka kwenda kwa dada yake, mwisho wa ghuba, kilomita thelathini na moja, akale samaki aliyetoka kuvuliwa na maini yake, hata kama ni kipande kimoja. Torleif akaenda kuchukua funguo msumarini, hazikuwapo. Gunnvor alikuwa nazo. Alikuwa uani amevaa koti, amefungua mlango wa upande wa usukani.

"Wewe hujaendesha miaka mitatu," alisema Torleif.

"Barabara haijahama. Panda."

Akapanda. Kiti cha mbele cha abiria hakuwa amekikalia hata siku moja, na hakujua magoti ayaweke wapi. Gunnvor alirudisha gari nyuma polepole, akaingia barabarani, akashika njia ya ghuba. Alimuuliza kama ana joto la kutosha. Hakujibiwa. Kabla hawajafika kwenye handaki la kwanza Torleif alikuwa amelala, kinywa wazi, kofia imemshukia machoni, na Gunnvor akapunguza mwendo kwenye viraka vya lami.